Sanduku Letu Lilitukuta Civitavecchia

Tumerudi, nguo zimefuliwa, na nimepata nafasi ya kupanga picha na kusoma tena nilichokuwa nikiandika kwenye daftari kila usiku. Nimeyaweka kwa siku ili anayejiandaa kwa safari kama hii aone mambo yanavyokwenda hasa: ndege mbili, meli ya kitalii inayozunguka upande wa magharibi wa bahari ya Mediterania, na ndege tena. Nilikuwa na shangazi yangu. Tumeshazoea kusafiri pamoja. Yeye anapenda bahari kuliko kitu kingine chochote, ila magoti yanamsumbua, kwa hiyo mengi niliyoyaandika yanahusu ngazi, foleni na mahali pa kukaa.

Ijumaa usiku: lango la kuondokea

Ndege ilikuwa iruke saa 5:40 usiku. Saa tano kamili ubao ukabadilika ukasema saa saba, kisha saa nane na robo. Hakuna tangazo lililotolewa. Kuchelewa nimekuzoea, lakini kukaa gizani bila kuambiwa chochote sitakuzoea kamwe, kwa sababu mtu anayejua sababu anaweza kupanga: alale, ale, au ampigie simu anayemsubiri.

Kaunta ilikuwa na binti mmoja tu wa zamu, na abiria walimzonga wakimfokea. Shangazi akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwacheni mtoto wa watu, yeye hajaificha ndege." Watu wakapungua. Baadaye binti yule alikuja mwenyewe tulipokaa, na chupa mbili za maji, akatueleza wazi: kuna kipuri cha gurudumu kinabadilishwa, fundi anahitaji saa moja zaidi, na akiona itazidi hapo atakuja kutuambia. Saa moja ikatimia, tukaitwa. Nilipanda ndege ile bila hasira hata kidogo, na ni maneno yale machache tu yaliyoniondolea.

Mlangoni walianza kuchukua mizigo ya mkononi kwa kuwa makabati ya juu yangejaa. Mzee aliyekuwa mbele yetu alikuwa tayari amekabidhi begi lake, shangazi akamgusa bega: "Mzee, dawa zako zimo humo?" Zilikuwamo. Akafungua begi, akatoa dawa na miwani, na pia betri ya akiba ya simu, maana betri za aina hiyo haziruhusiwi kwenda chini kwenye shehena. Weka vitu hivyo kwenye mfuko mdogo ndani ya begi, ili ukiombwa begi ghafla uutoe mara moja.

Jumamosi asubuhi: kuunganisha

Safari ya usiku siwezi kuisimulia, nililala. Niseme tu kuhusu koo kukauka: hewa ya ndani ya ndege ina unyevu mdogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 20, na mgandamizo wake ni sawa na kukaa kwenye mlima wa hadi mita 2,400. Ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 hushusha kiwango hicho hadi karibu mita 1,800, na mimi mwili wangu unaijua tofauti. Nikiwa na hiari ya kuchagua, naangalia aina ya ndege kabla ya kuangalia kiti.

Tulitua tukiwa na muda mfupi sana wa kuunganisha. Hapo ndipo kiti cha magurudumu kilipotuokoa. Kijana aliyetupokea alitazama pasi zetu za kupandia, akasema "nifuateni," akatupitisha kwenye lifti ya wafanyakazi na korido ndefu tupu, akaongea na mkaguzi wa mizigo ya mkononi, na tukafika langoni wakiwa bado wanapandisha watu wa mwisho. Alikuwa anatoka jasho. Alikataa hata kushukuriwa kwa kirefu, abiria mwingine alikuwa anamsubiri.

Kwa mwenye mzazi au ndugu asiyeweza kutembea mbali: omba msaada huu wakati wa kukata tiketi, au walau saa 48 kabla ya kuruka. Katika viwanja vya Umoja wa Ulaya ni haki ya abiria isiyolipiwa, kwa kanuni namba 1107 ya mwaka 2006. Na kateni safari zote kwenye tiketi moja. Ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kuchelewa kwa ile ya kwanza, shirika ndilo linalotakiwa kukutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, umeachwa peke yako.

Jumamosi mchana: Barcelona

Sisi tulifika. Sanduku halikufika. Tulisimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa, tukabaki na familia moja na gari la mtoto lisilokuwa letu wala lao.

Dawati la mizigo lilikuwa na foleni ya zaidi ya saa nzima, na kiti kimoja, ambacho mama mmoja mgeni alimpisha shangazi kabla sijafungua mdomo. Ripoti ya SITA, kampuni ya teknolojia ya usafiri wa anga, kuhusu mwaka 2023 ilitaja mizigo 6.9 iliyopotea, kuchelewa au kuharibika kwa kila abiria 1,000, na sehemu kubwa ya matukio hayo hutokea mahali pa kubadilishia ndege. Inaeleweka kabisa: mtu anaweza kukimbizwa kwenye korido, lakini sanduku linasubiri zamu yake.

Usitoke uwanjani bila ripoti ya maandishi na namba yake. Mpe mhudumu picha ya sanduku, picha ya kibandiko, na, kama unaelekea kwenye meli, ratiba nzima ya bandari pamoja na jina la meli na namba ya chumba. Mhudumu wetu aliandika anwani ya hoteli tu. Nilimwomba kwa upole aongeze bandari zote, na alipoona tarehe akakubali kwamba kesho jioni hatutakuwapo tena mjini. Mstari ule mmoja ndio uliofanya kazi baadaye.

Tulilala Barcelona. Kwangu hii ni sheria: kama meli inaondoka kesho, mimi nafika leo. Usiku wa hoteli ni gharama, nakubali, lakini meli haimsubiri aliyecheleweshwa na ndege yake, na kuifukuza hadi bandari inayofuata ni ghali kuliko hoteli. Tulinunua nguo za ndani, mashati mawili, gauni moja, viatu vyepesi vya shangazi na dawa ya meno. Risiti zote nilizipiga picha palepale dukani, maana karatasi zile hufifia.

Jumapili: kupanda meli

Meli nyingi kubwa hufunga gati ya Moll Adossat, ng'ambo ya daraja la Porta d'Europa. Ni mbali kwa miguu, lakini kuna basi linalotoka karibu na mnara wa Columbus, na teksi ni nyepesi kama una mzee. Kwenye kaunta ya meli walituchukua pasipoti wakaziweka wao hadi mwisho. Si kampuni zote zinazofanya hivyo. Beba nakala, usishuke bandarini bila kitu chenye jina na picha yako.

Kabla ya kung'oa nanga kukawa na zoezi la usalama: milio saba mifupi ya king'ora na mmoja mrefu, kila mtu kwenye kituo chake cha kukutanikia. Baadhi ya abiria walinung'unika kwamba wameshafanya zoezi hili mara nyingi. Mimi nalifanya kila safari kwa moyo wote, na sababu yake nitaieleza tukifika Jumanne.

Tulipoingia chumbani mhudumu wa chumba akaja kujitambulisha. Aliona begi moja dogo tu, akauliza, tukamweleza. Hakuishia kusema pole na kuondoka. Alirudi na miswaki miwili, chanuo, na ndoano mbili za sumaku. Kuta za vyumba vya meli ni za chuma, ndoano ya sumaku inashika popote. Kisha akatuonyesha namna wanavyokausha nguo haraka wao wenyewe: fua shati kwenye sinki, likamue kidogo, litandaze juu ya taulo kavu, viringisha vyote viwili pamoja kama mkeka, halafu kanyaga kwa kisigino kutoka upande mmoja hadi mwingine. Shati linatoka na unyevu kidogo tu, unalitundika chini ya tundu la hewa, asubuhi limekauka. Alilikanyaga shati langu mwenyewe, kwa uangalifu, kama anafanya jambo la maana sana. Na kwetu siku ile lilikuwa la maana sana.

Jumatatu: Marseille

Gati la meli za kitalii liko mbali na bandari ya zamani, basi likachukua muda, tukatembea kidogo, tukarudi. Habari kubwa ilikuwa kwenye simu: sanduku limetua Barcelona. Sisi tumeshaondoka.

Nizungumzie simu. Mara meli ikitoka pwani, simu inaweza kushika mtandao wa meli wenyewe, unaopitia setilaiti, na bei yake haina huruma. Weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya meli kuondoka, kisha washa Wi-Fi peke yake. Intaneti ya meli tuliilipia kwa chombo kimoja tu, tukapokezana.

Jumanne: Genova

Nilikwenda mapokezi asubuhi mapema, kabla ya foleni, maana ikifika saa tatu watu wote wenye maswali ya ankara wako pale. Dada wa mapokezi alisoma ripoti yangu yote. Akaniambia jambo ambalo mashirika ya ndege hayakuambii: sanduku halipelekwi "kwenye meli", linapelekwa kwa wakala wa meli wa bandari fulani, na shirika la ndege linahitaji jina, anwani na simu ya wakala huyo. Akaniandikia za Civitavecchia, bandari inayotumika kwenda Roma, na za Napoli, akampigia wakala wa Civitavecchia mimi nikiwa nimesimama pale. Nikatuma vyote kwa dawati la mizigo, nikitaja namba ya ripoti. Kwa siku tatu nilikuwa napokea majibu ya mashine. Siku ile nikapata jibu la mtu: linaruka usiku huu kwenda Roma.

Genova yenyewe ilitufaa sana. Kituo cha meli kiko ndani ya mji, karibu na stesheni ya Piazza Principe, na shangazi aliweza kutembea mwenyewe polepole, akikaa kila benchi lililokuwa na kivuli.

Usiku meli ilishuka kusini kando ya pwani ya Toscana, upande kilipo kisiwa cha Giglio. Hapo ndipo meli ya Costa Concordia iligonga mwamba tarehe 13 Januari 2012, na watu 32 wakafa. Ilikuwa imeondoka Civitavecchia jioni ileile, na abiria waliopanda hapo walikuwa bado hawajafanya zoezi la usalama, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2015 mkataba wa kimataifa wa usalama baharini unataka zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Shangazi alitoka nje kwenye sitaha, akawaombea. Nikasimama naye.

Jumatano: Civitavecchia

Kutoka hapa hadi Roma ni kama saa moja kwa treni. Meli yenyewe huuza safari za basi kwa bei ya juu zaidi, lakini ina faida moja ya kweli: basi la meli likichelewa, meli inalisubiri. Ukienda kwa treni, muda ni jukumu lako. Mimi huenda kwa treni nikiwa peke yangu na kurudi saa mbili kabla. Siku hii hatukwenda. Roma tumewahi kuiona, na wakala alisema mzigo utakuja kabla ya saa nane mchana.

Saa saba na nusu gari dogo likasimama gatini. Baharia mmoja aliyekuwa akipanga kamba alituona tunavyonyoosha shingo, akatuuliza rangi. Bluu, tukasema, lenye utepe wa kanga kwenye mkono. Akashuka ngazi, akalikagua, akainua dole gumba. Shangazi akapiga kigelegele palepale kwenye ngazi ya meli, na watu waliokuwa wanarudi kutoka mjini wakashangilia bila kujua wanashangilia nini. Lilipita kwenye mashine ya ukaguzi, na mhudumu wa chumba akaja kulibeba mwenyewe.

Sanduku la mtu aliyeko safarini lina maana kuliko vitu vilivyomo. Shangazi alivaa khanga zake usiku ule, akalala vizuri kwa mara ya kwanza.

Alhamisi: Napoli

Meli inafunga mbele ya ngome ya Castel Nuovo, unashuka uko mjini. Nilikwenda kwenye magofu ya mji wa kale wa Pompeii peke yangu kwa treni ya Circumvesuviana. Ilijaa mno, nilisimama njia nzima nimeshika mkoba kifuani. Ukiweza, nenda mapema asubuhi. Wakati wa kurudi, saa iliyoandikwa kwenye tangazo la meli ndiyo ya kufuata, na hesabu mwisho wa kupanda, maana ngazi huondolewa kabla ya saa ya kuondoka. Nilipokuwa sitahani niliona watu wawili wanakimbia gatini na mifuko. Waliwahi. Mabaharia waliwapigia makofi.

Ijumaa: siku nzima baharini

Magharibi ya Sardinia tukakutana na Mistral, upepo unaoshuka bonde la mto Rhône na kutokea Ghuba ya Lion. Nahodha alitangaza tangu usiku: itavuma mpaka jioni, sitaha za juu zitafungwa, shikeni vishikizo. Nilimheshimu kwa kusema mapema.

Meli hizi zina mapezi chini ya maji yanayozuia kulala ubavu, lakini inapopanda na kushuka kwa omo, yaani upande wa mbele, hayasaidii sana. Ndiyo maana mimi huchagua chumba cha sitaha za chini, katikati ya meli. Hakina fahari, dirisha ni dogo, na bei yake ni nafuu, ila siku kama hii wenye roshani za juu kule omo ndio walioteseka. Shangazi alipata kigegezi kidogo. Mhudumu wa mkahawa alimletea tofaa la kijani na biskuti kavu bila kuombwa, akamkalisha palipo na dirisha ili atazame upeo wa bahari. Tangawizi tulikuwa nayo. Vidonge vya kuzuia kutapika vimezwe kabla ya mawimbi. Ukisubiri mpaka tumbo limechafuka, umechelewa.

Kero kubwa ya siku ilikuwa ukumbi wa ndani wenye viti vya kulalia, ambako watu walitandika taulo na vitabu tangu alfajiri wakaondoka. Wazee walikuwa wanasimama. Hili linaniuma kila safari. Mfanyakazi mmoja alipita akikusanya taulo zilizokaa muda mrefu bila mtu, na alipolaumiwa hakujibizana, alionyesha kibao chenye kanuni akaendelea. Shangazi akapata kiti.

Na nawa mikono kwa sabuni na maji kila mara kabla ya kula. Dawa ya kupaka yenye spiriti haitoshi dhidi ya kirusi cha noro, kile cha kutapika na kuharisha, kinachosambaa haraka mahali penye watu wengi waliofungiwa pamoja.

Jumamosi: Palma

Joto, matembezi mafupi, kufunga mizigo. Jioni nilipitia ankara ya chumba mstari kwa mstari. Pesa za huduma hukatwa kila siku kwa kila mtu, na vinywaji huongezewa asilimia ya huduma juu yake, kwa hiyo jumla humshtua asiyetarajia. Nilikuta malipo ya kinywaji ambacho hatukunywa. Yaliondolewa baada ya dakika tano, kwa kuwa nilikwenda usiku. Asubuhi ya kushuka foleni ile hufika kwenye lifti.

Bahasha ya mhudumu wa chumba tulimpa mkononi, pamoja na barua ya shangazi. Mimi nilijaza fomu ya maoni nikalitaja jina lake. Wafanyakazi wametuambia mara nyingi kwamba kutajwa kwa jina kunawasaidia kazini, basi hatuachi kamwe kufanya hivyo.

Jambo la viza: bandari zetu zote zilikuwa za nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, lakini meli hubadilisha njia kwa hali ya hewa, na nyingine hupita Tunis. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya kuingia mara moja huisha kazi ukitoka nje ya eneo hilo.

Jumapili: kurudi

Tulishuka saa mbili asubuhi, ndege ni usiku. Siku hii ya katikati ndiyo inayochosha kuliko zote, kwa kuwa huna chumba tena. Tuliacha mizigo kwenye stoo ya kulipia, tukakaa bustanini, tukaenda uwanjani mapema. Shangazi alipumzika kwenye chumba cha sala, na mwanamke wa usafi aliyemwona amesinzia aliuliza saa ya ndege yetu, akarudi kumwamsha.

Ndege ilichelewa dakika arobaini tu. Ingechelewa kufika kwa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, safari hii ya kutoka Ulaya inalindwa na kanuni namba 261 ya mwaka 2004, shirika liwe la nchi yoyote: euro 250 hadi 600 kufuatana na umbali. Safari ya kwenda, tulipokuja na shirika lisilo la Ulaya, haikulindwa nayo.

Kwa mzigo uliochelewa, kinachotumika ni Mkataba wa Montreal wa 1999. Dai liandikwe ndani ya siku 21 tangu upokee mzigo, na kikomo sasa ni 1,519 za SDR kwa abiria, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Nilituma letu wiki hiyohiyo, na namba ya ripoti, picha za risiti na barua ya wakala wa Civitavecchia. Wamekubali kulipa nguo na dawa ya meno. Viatu vya shangazi wanasema si vya lazima. Nimewaandikia tena, nimeeleza habari ya magoti na kuambatisha cheti cha daktari, na nitaendelea kuandika mpaka walipe.